Tochi Yangu Hafifu na Dereva wa Basi la Shule

Siku yangu ya kwanza kazini nilitumwa dukani kutafuta tochi mbovu. Sitanii. Nilikuwa nimetoka chuo na cheti changu cha ufundi sanifu wa maabara, nimevaa sketi iliyopigwa pasi mpaka inataka kusimama yenyewe, nikaripoti kwenye shule ya sekondari pembeni ya mji wa Kibaha. Nilitegemea kuoneshwa chupa za asidi na mizani. Mkuu wa Shule, mwanamume mrefu aliyeongea kama anasoma taarifa ya habari, alinitazama juu ya miwani yake.

"Wewe ndiye fundi wa maabara," akasema. "Vizuri. Kuna darubini stoo, tumepewa na wageni. Leo jioni wanafunzi watatazama nyota. Katafute tochi inayowaka vibaya."

"Inayowaka vibaya, mzee?"

"Vibaya sana. Na iwe nyekundu. Ikiwaka vizuri utairudisha mwenyewe."

Nilitoka pale nimeduwaa. Kwetu tochi ikianza kufifia tulianika betri juani ili zipate nguvu, na hapa mtu mzima mwenye shahada ananiagiza nitafute ugonjwa kwa makusudi. Nikajiuliza kama nimepangiwa shule au nimepangiwa majaribu.

Nawaandikia nyie vijana mnaoanza kazi za maabara na vilabu vya nyota mashuleni, na nina sababu mbili. Ya kwanza ni tochi yenyewe, maana naona mnavyokosea na simu zenu. Ya pili ni basi la wanafunzi ambalo lingeweza kutumbukia korongoni na watoto wa watu ndani, likiendeshwa na mtu mwema kabisa niliyemheshimu. Hakuna aliyeijua hatari ile, hata yeye mwenyewe, mpaka siku nilipofanikiwa kupata tochi hafifu kama inavyotakiwa.

Tuanze na tochi. Jicho la mtu likiingia gizani halioni mara moja, linahitaji kama nusu saa kuzoea. Ndani yake kuna sehemu inayofanya kazi kwenye mwanga mwingi, na nyingine inayoamka polepole gizani, ndiyo inayokuonesha nyota ndogo ndogo. Hiyo ya gizani ukiimulika na mwanga mweupe inalala tena, na nusu saa yako imekwenda na maji. Mwanga mwekundu hauisumbui sana. Ndiyo maana mtazama nyota hushika tochi nyekundu anaposoma ramani ya nyota au anapotafuta kifuniko cha darubini kilichoangukia majanini.

Lakini tazameni neno hilo, "sana". Mimi sikulitazama. Siku ile nilikwenda duka la vifaa vya umeme kule Kongowe, mwenye duka akawa ananimulika usoni na kila tochi anayoitoa. "Hii inafika Mlandizi," akasema. Nikamwambia nataka isiyofika hata kwenye mlango wake. Alinionea huruma, nikaona wazi anadhani nimechanganyikiwa. Nikanunua ya kawaida, nikaifunga nailoni nyekundu ya kufungia zawadi, nikarudi nimejaa majivuno. Jioni ile Mkuu wa Shule aliiwasha mara moja tu, akaizima.

"Mwanaidi, umeniletea taa ya breki."

Ndipo nikajifunza kwamba nyekundu kali inaharibu macho kama nyeupe tu. Rangi pekee haitoshi, lazima na nguvu ipungue. Tukaongeza nailoni, tabaka juu ya tabaka, tukaweka na karatasi ya daftari katikati, hadi ule mduara mkali wa mwanga ukatoweka ukabaki wekundu hafifu tu. Mkuu alinifundisha na namna ya kuipima, na sijawahi kuiacha. Unakaa gizani mpaka macho yazoee, unatazama Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo zilizosongamana ambacho wazee wetu walikitumia kujua msimu wa kulima. Unazikariri zilivyokaa. Kisha unawasha tochi, unasoma ramani kwa utulivu, unazima, unatazama tena juu. Nyota zako zikiwepo zote kama ulivyoziacha, tochi inafaa. Zikigeuka ukungu, rudi ukaifunge tena.

Baadaye nilihamishiwa shule moja Kisarawe. Kule giza lilikuwa bado giza, unanyoosha mkono huuoni. Bosi wangu alikuwa Mkuu wa Idara ya Sayansi, mtu wa bidii kupita kiasi, anayetembea na kalamu tatu mfukoni. Nailoni ilikuwa inachanika, hivyo nikahamia kwenye rangi ya kucha. Unaipaka juu ya kioo cha tochi, unaacha ikauke, unapaka tena. Mama muuza vipodozi aliniuliza harusi ni ya nani, nikamwambia ni ya tochi, akaninunia siku mbili.

Basi Mkuu wa Idara akachora ramani za nyota kwa mkono, moja kwa kila mwanafunzi. Akaandika majina ya nyota, akazungushia makundi, akachora mishale. Tukatoka uwanjani baada ya chakula cha jioni, macho yakazoea, akatoa amri tochi ziwashwe. Karatasi zote zilikuwa tupu. Vile vinukta alivyopiga kwa kalamu nyeusi vilikuwepo, lakini majina, mishale, duara zote, hakuna. Watoto walishtuka, wengine wakaanza kusogeleana. Nami nikasogea pia, sitaficha.

"Nani amefuta kazi yangu?" akauliza.

Tukakimbilia barazani kwenye taa ya umeme na maandishi yote yakarudi kama hayakuwahi kuondoka. Alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, ile anayosahihishia madaftari, na wino mwekundu chini ya mwanga mwekundu hauonekani. Mwalimu gani ana kalamu karibu zaidi ya nyekundu? Lile ni kosa la walimu watupu, mvuvi asingelifanya. Alikaa chini akacheka mpaka akavua miwani, na tangu siku hiyo tulichora kwa penseli.

Nilirudi Kibaha kwa mara ya mwisho nikiwa mtu mzima, kwenye shule kubwa yenye basi lake na Mkuu wa Shule mwanamke. Wote tulimwita Madam Mkuu. Alipenda mambo yaende kwa saa na hakupenda kuelezwa sababu. Ndiye aliyeruhusu tuagize tochi za kichwani, zile za kufunga na mpira kwenye paji la uso, zenye vitaa vya LED vyeupe na vyekundu. Nilizishangilia kama mtoto. Kumbe kitufe chake ni kimoja, na ili ufike kwenye nyekundu lazima upitie nyeupe kwanza. Siku ya kuzijaribu watoto walibonyeza wote kwa pamoja huku wametazamana. Tulipofushana uwanja mzima. Shikeni hili kama hamtashika lingine: tochi ambayo nyekundu yake iko nyuma ya nyeupe, iacheni dukani.

Nikaamua kutengeneza za kwetu. Kitaa kimoja chekundu cha LED, rizista ya kupunguza umeme unaofika, na kidude cha kuzungusha kama cha sauti ya redio ili mtu aweze kuushusha mwanga mpaka ukaribie kuzimika. Nilizipima kwa Kilimia moja baada ya nyingine. Zilikuwa hafifu kwelikweli. Sebuleni kwangu ulikuwa huwezi kujua kama zimewaka. Lakini gizani, ukishazoea, ulitembea nazo bila kujikwaa, ukaona viatu vyako, nyasi, sura ya mwenzako. Miaka yote ya kazi nilikuwa natafuta mwanga ule, na nilipoupata nililala na furaha.

Tatizo likabaki mbingu. Kibaha imejaa taa, vituo vya mafuta, fremu za maduka, nyumba mpya kila kona. Kilimia ilikuwa imebaki kama alama ya kidole kwenye kioo. Nikamwomba Madam Mkuu aturuhusu twende Kurui, vijijini Kisarawe, kwenye uwanja wa shule ya msingi ambako hakuna taa. Akakubali kwa sharti moja.

"Watoto warudi usiku huo huo, Mwanaidi. Nimewaahidi wazazi. Wakichelewa utajibu wewe."

Dereva wa basi tulimwita Baba Rehema. Alikuwa mtu wa mashati yaliyonyooka, mpole, anayesimamisha basi zima ili bata wavuke. Mwaka mzima usingesikia mtoto akilalamika juu yake. Mkewe, Mama Rehema, alikuwa mpishi wa shule, na safari yoyote itakayogusa usiku, iwe mechi, mahafali au msiba, lazima apande, akae kiti cha mbele kushoto, na aongee. Aliongea mwanzo hadi mwisho. "Haya, baiskeli hiyo. Hapa pana shimo, wameshindwa kulifukia. Yule mbuzi wa nani jamani, pembeni hapo." Watoto walimwita redio. Mimi nilimwambia siku moja kwamba hata redio huwa inapiga muziki, akacheka akaendelea.

Tulifika Kurui jua likiwa linazama. Mwalimu Mkuu wa pale alitupokea vizuri, watoto wakatandika mikeka, nikafunga darubini kwenye miguu yake. Nikatoa masharti yangu: simu zote kwenye kikapu, na hakuna kubaki kwenye basi, maana mlango ukifunguliwa ile taa ya ndani inawaka na kutuharibia macho. Hata dereva ashuke. Baba Rehema, ambaye siku zote hubaki kitini akisubiri, alishuka bila kinyongo. Mkewe akamshika mkono kama wapendanao, wanafunzi wakaguna kwa utani.

Tukakaa kimya gizani. Isha ikaadhiniwa kijijini, giza likashuka lote, na macho yetu yakaanza kufunguka. Nikagawa tochi. Ilikuwa raha kuona jinsi vile vimwanga vilivyotulia, na watoto wanatembea katikati ya mikeka bila kukanyagana. Nikampa Baba Rehema ya kwake.

Baada ya kitambo akaniita. "Madam, hii tochi yako haiwaki."

"Inawaka, Baba Rehema. Naiona."

"Kinukta chekundu nakiona. Lakini hakimuliki kitu."

Nikampa nyingine, nikijua ni nzima, maana niliitumia mwenyewe muda ule. Akasema na hiyo nayo ni hivyo hivyo. Nikaona anaidharau kazi yangu, damu ikaanza kunichemka. Nikamshika mkono, nikaielekeza tochi kwenye kiganja changu kilichokuwa mbele ya uso wake. Niliviona vidole vyangu, pete yangu, hina iliyokuwa imeanza kupauka.

"Hiki ni nini?"

"Madam, usinichezee. Hakuna kitu hapo."

Alisema bila mzaha wowote. Nikapeleka kiganja pembeni kidogo, nikakirudisha, hakukifuata kwa macho. Niligeuka nikaona kundi la wasichana wa kidato cha pili wanapita na tochi kama zile zile, wanakwepa mikeka na miguu ya wenzao bila hata kutazama chini. Nilielewa jambo zima papo hapo, na nilitamani nisilielewe.

"Baba Rehema, wewe usiku huoni."

"Usiku nani anaona, madam?" akanijibu, kwa mshangao wa kweli. "Si usiku?"

Mtu huyu alikuwa na umri wa kuwa na wajukuu, na maisha yake yote alidhani sisi sote tukiingia gizani tunakuwa kama yeye. Na mtu huyu, saa moja baadaye, alikuwa achukue basi lililojaa watoto apite nalo barabara ya vumbi yenye makorongo kutoka Kurui hadi Kisarawe, kisha Kibaha.

Nikamwambia hatutaondoka. Alikasirika, na sikuwahi kumwona amekasirika. "Tochi yako mbovu inakuwa ushahidi? Basi lina taa kubwa, sitembei na kibatari. Nimeendesha miaka yote sijagonga hata kuku."

"Basi panda, washa hizo taa kubwa, uniambie niko wapi."

"Nitakuonesha," akasema.

Mkewe akamsindikiza hadi mlangoni, wakapanda wote wawili, kila mtu kwenye kiti chake. Taa za basi zikawaka zikaufunika uwanja. Giza lote tulilolisubiri liliharibika na wala sikujali. Nilisimama katikati ya mwanga na kanga yangu ya njano.

"Uko mbele yangu," akasema kwa sauti ya ushindi.

Nikasogea kushoto kwake, taratibu, mpaka nikafika pale mwanga unapoanza kupungua, ukingoni mwa njia, mahali ambapo mtembea kwa miguu au mwenye baiskeli angekuwa. Wanafunzi wote waliniona. Ungenirushia kandambili isingenikosa.

"Na sasa?"

Akainama kwenye usukani. "Umekwenda wapi? Umezunguka nyuma?"

Kabla sijajibu nilimsikia Mama Rehema kupitia dirisha lililo wazi, kwa ile sauti yake ya safari zote, sauti ya chini isiyo na haraka. "Mkono wako wa kushoto, Baba Rehema. Yuko ukingoni. Nenda taratibu hapo."

Nilimwona ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Hakuna mtoto aliyecheka. Tulikuwa tumesikia wote, na wote tulikuwa tumelisikia neno lile mara nyingi mno, tukiwa tumelala nyuma ya basi lile lile.

Nilipanda, nikachomoa ufunguo, nikaufunga fundo kwenye pindo la kanga. Baba Rehema hakunizuia. Aliniambia kwa upole ulioniumiza zaidi ya hasira yake, "Madam, nimebakiza kidogo nistaafu. Nitakwenda mwendo wa kinyonga. Na Mama Rehema si yupo?"

"Ndiyo maana siwezi," nikamwambia. "Kwa sababu umesema Mama Rehema yupo."

Mama Rehema alishuka akanifuata nyuma ya basi. Akaniambia mwanzoni alidhani mumewe anapenda kuongeleshwa asisinzie. Kisha akagundua kwamba akinyamaza, yeye anapunguza mwendo. Akagundua pia kwamba akimwambia mbuzi, ndipo anamkwepa mbuzi. "Sikumuuliza," akasema. "Ningemuulizaje mwanamume kitu kama hicho? Nikawa naongea tu." Nilimkumbatia, na huku namkumbatia nilikuwa na hasira naye, mambo yote mawili kwa pamoja.

Nikatoa simu yangu kikapuni nikampigia Madam Mkuu. Kelele za wazazi nilizisikia nyuma yake.

"Mwanaidi, mko wapi? Wazazi wapo getini."

"Tupo Kurui, Madam. Hatutarudi mpaka jua litoke."

"Nani kakupa ruhusa hiyo? Rudini sasa hivi. Ni agizo."

"Nimelisikia agizo, Madam. Lakini ufunguo ninao mimi, na siutoi."

Akakata. Nilijua nimejichongea. Mwalimu Mkuu wa pale, Mungu ambariki, alifungua madarasa mawili bila kuuliza maswali mengi, na akina mama wa jirani wakaleta mikeka na shuka. Sikulala. Nilikaa kwenye ngazi za basi na fundo langu la kanga, kana kwamba kuna mtu angekuja kuniibia. Baba Rehema alikaa upande wa pili wa uwanja na mkewe. Hawakuongea.

Asubuhi Madam Mkuu alikuja mwenyewe na dereva wa kuazima. Alishuka kwenye gari akiwa ameshaanza kunisema, kwamba nimemdhalilisha, kwamba mzazi mmoja amemwita muongo mbele ya watu. Nilimwacha amalize. Kisha nikamweleza. Nilidhani atabisha, kumbe aliketi kwenye dawati lililokuwa nje na mkoba ukamwanguka.

"Alinirudisha usiku kutoka msibani Dutumi," akasema. "Mimi na wanangu. Walikuwa wamelala miguuni kwangu." Akaokota mkoba. "Na Mama Rehema alikuwa anaongea, mimi nikamwomba anyamaze kidogo nipumzike."

Alisema hivyo mara mbili. Kuhusu agizo lake hakunigusia tena, siku ile wala baadaye.

Hospitali walimkuta Baba Rehema na ugonjwa wa macho wa kuzaliwa nao, ambao mtoto anaweza kuurithi. Daktari alitueleza kwamba ile sehemu ya jicho inayoamka gizani kwake haijawahi kufanya kazi sawasawa, na uwezo wa kuona pembeni umekuwa ukisinyaa, anatazama kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Mchana, kwa kitu kilicho mbele yake, anaona vizuri kabisa, na vipimo vyote alivyowahi kupimwa vilikuwa vya mchana, herufi ukutani, akizisoma hadi mstari wa mwisho. Dawa hakuna. Usukani akaacha siku hiyo. Wakampa kazi ya bohari, kupokea magunia na mafuta ya kupikia, mpaka akastaafu. Hakunisalimia tena. Tukipishana njiani nilimsalimia kwa mdomo na kwa mkono, akapita. Niliumia, kwa sababu nilimpenda kama kaka yangu, lakini nisingebadilisha kitu.

Sasa nami nimestaafu, nipo nyumbani Kongowe na kuku wangu. Siku ya kuniaga wenzangu walinizawadia tochi kubwa ya kuchaji, inamulika mpaka kwa majirani wa tatu. Nilipigwa na butwaa. Baada ya miaka yote ile ya kuwafundisha uhafifu! Vijana wananipigia kuniuliza programu gani ya simu ya kutazamia nyota ni nzuri, nawaambia yoyote ambayo skrini yake unaweza kuigeuza nyekundu na kuishusha hadi uone aibu kuiita taa. Na nawaambia mkigawa tochi, msimtazame anayeisifu. Mtazameni anayesema haiwaki, mkamsikilize kwa makini, na msimkasirikie kama nilivyoanza mimi.

Juzi juzi umeme ulikatika Kongowe nzima baada ya magharibi. Nikasikia hodi. Alikuwa Baba Rehema, kashikwa mkono na binti yake Rehema, mwanamke mzima sasa.

"Shikamoo shangazi," akasema Rehema.

Nilimwitikia marahaba huku namtazama baba yake.

"Madam," akasema Baba Rehema, kana kwamba tuliachana jana. "Rehema anaanza mafunzo ya kuendesha malori. Daktari kampima, kasema yuko mzima. Lakini mambo ya hospitali mimi sikuyaelewa. Tochi yako niliielewa. Nakuomba umpime."

Nilikwenda ndani kuitafuta. Tukatoka uani, tukakaa kwenye mkeka kusubiri macho. Ule muda ulikuwa mrefu kuliko wowote niliowahi kusubiri giza. Baba Rehema alikuwa anapumua kwa nguvu. Nikaiwasha, nikaishusha mwisho kabisa, nikaielekeza kwenye kiganja changu bila kusema neno.

"Shangazi, una kovu hapo kwenye kidole gumba," akasema Rehema. "Na pete imekubana."

Nikakipeleka kiganja pembeni, mbali, nyuma kidogo ya bega lake. Akakifuata hadi mwisho. Nilizima tochi na nikamwambia baba yake kwamba binti anaona. Akashusha pumzi, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Rehema alikuwa ameshalala chali kwenye mkeka, anatazama juu.

"Umeme ukikatika zinajaa hivi," akasema. "Hazihesabiki."

"Nini hazihesabiki?" akauliza baba yake.

"Nyota, baba."

Akainua uso. Akageuza kichwa huku, akageuza kule, muda mrefu.

"Mimi naona ile moja," akasema, "na nyingine kule. Siku zote naona mbili, tatu. Watu wakisema zimejaa nilidhani wanatia chumvi."

Rehema aliketi akamtazama. Mtu yule alikuwa amesubiri klabu yangu ya nyota jioni baada ya jioni, amekaa kwenye kiti cha basi.

"Madam," akaniuliza, "na usiku ule wa Kurui zilikuwa nyingi hivyo?"

Nikamwambia zilikuwa nyingi zaidi.